Ukuta Ulioombwa Radhi

Nchi inayosimuliwa hapa iko mbali sana, ng'ambo ya bahari mbili na vizuizi vya barabarani visivyo na idadi, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuchungulia dirishani. Hakuna mtu wa huko anayetujua, wala sisi hatumjui mtu wa huko. Ikitokea mkubwa wa nchi hiyo akafanana na mkubwa wa kwenu, kwa tumbo au kwa hotuba, basi hiyo ni ajali tu ya maumbile.

Katika nchi hiyo, kila Ijumaa asubuhi, mwanamke aitwaye Siwatu alikuwa anakwenda kuuomba radhi ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa umebaki peke yake katika kiwanja cha Kituo cha Uzazi cha Bondeni. Vyumba vilivyokuwa nyuma yake havikuwapo tena. Ulikuwa umeegemea nguzo ya umeme, na mwilini mwake vilichomoza vitu ambavyo kwa kawaida havionekani ukutani: kandambili moja ya bluu, mswaki, mkono wa mwanasesere, na kipande cha kanga ya kampeni chenye jicho moja la Waziri wa Ujenzi na Usafi. Jicho hilo lilikuwa zima. Hata mvua haikulifumba.

Mbele ya ukuta paliwekwa meza, na nyuma ya meza alikaa Bwana Tindwa, karani wa Heshima ya Majengo, mtu wa makamo aliyefunga tai hata kwenye vumbi.

“Anza, mama,” alisema.

“Ukuta mtukufu wa Serikali,” Siwatu alianza, “mimi Siwatu binti Shomari, mbeba karai, nilikuita takataka mbele ya watu siku ya mazishi ya mdogo wangu. Nakuomba radhi.”

Karani aliinuka, akautegea ukuta sikio, akatikisa kichwa.

“Haujaridhika. Rudia. Na safari hii usiutazame kama unataka kuuzaba kofi.”

“Bwana Tindwa, mume angekuwa ameshanisamehe na kunipikia.”

“Mume hana sheria inayomlinda, mama. Ukuta unayo. Rudia.”

Siwatu akarudia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye shingo iliyonyooka kwa kubeba zege miaka mingi, na mdomo ambao marehemu mama yake alishauombea dua mpaka akachoka. Maneno ya radhi yalimtoka kinywani, lakini macho yake hayakuondoka kwenye lile jicho la kwenye kanga. Kila Ijumaa aliliambia moyoni jambo moja: siku moja wewe mwenyewe utalitamka jina la mdogo wangu, tena mbele za watu.

*

Waziri mwenye jicho aliitwa Profesa Daktari Mhandisi Mafumbwe. Uprofesa alipewa na chuo alichokijengea geti, udaktari alipewa na chuo alichoahidi kukijengea geti, na uhandisi alijipa mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo vyuo vilikuwa vimefungwa.

Zamani kidogo Mheshimiwa alialikwa ughaibuni kwenye mkutano wa mambo ya zege. Huko mtaalamu mmoja alisimama akaeleza jambo la kweli kabisa: kwamba majivu ya pumba za mpunga, yakichomwa vizuri na kusagwa laini, yakachukua nafasi ya sehemu ndogo ya saruji, huliongezea zege nguvu na kupunguza gharama zake. Akaeleza vilevile habari za chupa zilizosagwa na matofali yaliyovunjika. Hapo Waziri, ambaye mchana alikuwa amekula vizuri, akalala. Nusu ya pili ya mhadhara, ile iliyohusu vipimo, ilimpita huku akikoroma kwa niaba ya taifa.

Aliporudi alihutubia hapohapo uwanja wa ndege.

“Ndugu wananchi! Wenzetu wamegundua kwamba taka kidogo zinaliongezea zege nguvu kidogo. Sasa niwaulize: sisi ni watu wa kidogo kidogo?”

“Siyooo!” watu wakajibu, maana ndilo jibu walilozoea.

“Basi tutaweka taka tupu!”

Kesho yake saruji ilitangazwa kuwa uchafu unaoharibu ubora wa taka, ikaondolewa katika zege lote la Serikali. Mhandisi mmoja, mtu asiye na adabu, aliuliza zege bila saruji litashikana kwa kitu gani. Akajibiwa kwamba litashikana kwa umoja wa kitaifa, kisha akahamishiwa jangwani kupima mvua.

Saruji iliyookolewa ilihitaji mahali pa kutunzwa isije ikaharibika. Wataalamu wakashauri kwamba saruji hudumu zaidi ikiwa imeshajengewa. Basi ikatunzwa juu ya kilima kinachotazamana na Bondeni, katika umbo la nyumba ya ghorofa tatu ya Mheshimiwa Waziri, na nyingine ndogo ya mama mkwe wake. Getini paliandikwa: GHALA LA TAIFA LA SARUJI. WAGENI WAVUE VIATU.

Mwaka haukuisha taka zikaadimika. Kutupa ganda la ndizi likawa kosa, kwa kuwa ganda ni malighafi. Kukaa nalo nyumbani likawa kosa vilevile, kwa kuwa huko ni kuhodhi. Watu wakala ndizi na maganda yake huku wakitazamana. Mitaa iling'aa. Wageni wa kimataifa walikuja kupiga picha za mitaro, wakasifu. Na magodoro, mawigi, redio mbovu na maganda ya mayai ya nchi nzima yakaingia katika kuta za shule na hospitali, yakapakwa chokaa nyeupe, yakafunguliwa kwa utepe.

*

Kibibi, mdogo wake Siwatu, alikwenda Kituo cha Uzazi cha Bondeni kujifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa msichana wa kuchekacheka, mwoga wa mende, aliyekula udongo wa ujauzito kama karanga. Siwatu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ndiye aliyembebea kapu mpaka wodini.

“Dada,” Kibibi alimwambia akiwa amelala upande, pua karibu na ukuta, “huu ukuta unanukia ndizi.”

“Njaa hiyo, mwanangu. Tulia, nikakuletee uji.”

Aliporudi na chupa ya uji, kituo hakikuwapo.

Alichimba kwa mikono. Hakuhitaji jembe, zege lilimegeka kama kashata iliyochacha. Alitoa magodoro ambayo hayakuwa ya kitanda chochote, akatoa matairi ya baiskeli, akamtoa Kibibi. Uji ulikuwa bado una moto.

Tume iliundwa. Ilikaa kwenye hoteli iliyojengwa kwa saruji, ikaandika: “Jengo halikuanguka. Jengo liliketi bila kutoa taarifa, na kwa bahati mbaya marehemu walikuwa wamekaa mahali pake.” Ikaongeza kwamba kina mama wajawazito wamezidi uzito, ikashauri wawe wanapungua kwanza kabla ya kuja kujifungua.

Kwenye mazishi Waziri alituma shada la maua ya plastiki. Baada ya nusu saa alituma mtu kulichukua, kwa kuwa plastiki ni malighafi. Hapo ndipo Siwatu alipopiga ukelele uliosikika mpaka kilimani:

“Amemfukia mdogo wangu kwa takataka, na maua anayataka akamfukie mwingine!”

Alikamatwa kabla udongo haujasawazishwa.

Wiki hiyohiyo ilitungwa Sheria ya Heshima ya Zege, na Waziri aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, akinywa maji ya madafu. Ilikuwa sheria fupi. Ilisema kwamba atakayelisingizia ubovu zege la Serikali lililo zima ataliomba radhi mpaka liridhike, na kuridhika kwa zege kutathibitishwa na karani. Ilisema pia kwamba zege lililokanyagwa na kiongozi ni sehemu ya mwili wa taifa, halitavunjwa na mtu yeyote, isipokuwa kama kiongozi huyohuyo amelitangaza kuwa bovu. Na kwa kuwa Waziri alishatangaza kwamba nchi nzima haina zege bovu, kila mtu aliona kipengele hicho ni cha mapambo tu.

Siwatu alikuwa wa kwanza kuhukumiwa kwa sheria hiyo. Hakulia mahakamani. Aliisikiliza neno kwa neno, kama mtu anayesikiliza bei.

*

Katika nchi hiyo palikuwa na desturi iliyoitwa Kukanyaga Msingi. Jengo la Serikali lilipoanzwa, kiongozi alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia katika zege bichi mpaka kwenye vifundo vya miguu, akahutubia humo akiwa amesimama. Kadiri alivyozungumza kwa muda mrefu ndivyo alivyoonekana mkubwa. Alipomaliza alitoka, Katibu Mkuu akamuosha miguu kwa marashi, na alama za miguu yake zikabaki kuwa kumbukumbu kwa vizazi, ingawa kwa kawaida zilibaki mpaka mvua ya kwanza.

Hakuna kiongozi aliyewahi kupatwa na tatizo. Zege la Serikali lilikuwa halikauki. Waziri mmoja wa zamani alihutubia tangu asubuhi hadi jua kuzama, akatoka kama anayetoka kwenye uji wa ulezi. Ndiyo maana wakubwa waliamini, kwa moyo safi kabisa, kwamba zege ni kitu cha majimaji.

Siwatu na wenzake walijua zaidi, kwa sababu wao walibeba zege la aina mbili. Katika yadi ya Wizara palikuwa na mashine mbili za kuchanganyia. Ya kushoto ilitengeneza zege la Umma, ambalo lilikuwa na kila kitu isipokuwa saruji. Ya kulia ilitengeneza zege la Mheshimiwa. Hilo lilikuwa na saruji, mchanga wa mtoni uliooshwa, kokoto safi, na majivu laini ya pumba kwa kipimo kilekile cha yule mtaalamu wa ughaibuni. Maana kwa nyumba yake Waziri alituma mtu arudi kuuliza ile nusu ya pili ya mhadhara.

Wanawake wa karai walijipanga safu mbili. Wakifika njia panda ya mwembe uliokatwa, safu ya kushoto ilishuka Bondeni, ya kulia ilipanda kilimani. Siku hizo kilimani palichimbwa bwawa la kuogelea, kwa ajili ya arusi ya binti wa Mheshimiwa, na kwa kuwa arusi ilikaribia, Waziri aliagiza zege lake litiwe dawa ya kuharakisha. Zege hilo ukilimwaga asubuhi, adhuhuri ungeweza kulichezea ngoma.

Ndipo ilipotangazwa kwamba Mheshimiwa atakanyaga msingi wa Kituo kipya cha Uzazi cha Bondeni, kwenye kiwanja kilekile, mbele ya ukuta uleule. Katibu Mkuu, Bwana Sengondo, alikuja yadini na ratiba mkononi.

“Sherehe itakuwa Ijumaa,” alisema. “Siwatu, wewe utaomba radhi saa tatu, kabla ya ngoma ya watoto. Wageni wameomba kukuona.”

“Kuniona mimi?”

“Ni burudani ya ufunguzi. Jitahidi kulia kidogo. Na ninyi wengine, mkishamwaga zege, mtabaki kuimba. Mheshimiwa anataka kuvunja rekodi ya yule aliyesimama mpaka jua kuzama.”

Alipoondoka, Bi Nunu, mwanamke mnene aliyebeba karai nyuma ya Siwatu kwa miaka yote hiyo, alitema mate pembeni.

“Burudani! Wanakufanya kichekesho, shoga.”

Siwatu alikuwa anazitazama zile mashine mbili, ya kushoto na ya kulia.

“Nunu.”

“Naam.”

“Hivi ile siku, tukifika njia panda, nikikosea njia utanifuata?”

Bi Nunu alimtazama, akazitazama mashine, akamtazama tena. Halafu mwili wake wote ukaanza kutikisika kwa kicheko alichokibana kwa upindo wa kanga.

“Mimi huwa natazama kisogo chako tu, mwenzangu. Kisogo kikipotea, nimepotea.”

“Na wengine?”

“Wengine wanatazama changu.”

*

Ijumaa ilipofika, msimamizi wa yadi alikuwa ameshakimbilia kiwanjani kugombea kiti cha mbele. Wanawake wakajitwisha makarai, wakafika njia panda ya mwembe uliokatwa. Safu ya kushoto ikapanda kilimani. Safu ya kulia ikashuka Bondeni. Bi Nunu alipiga chafya kwa furaha.

Saa tatu Siwatu aliuomba radhi ukuta mbele ya mabalozi, mabwana afya na bendi ya polisi. Hakulia, lakini aliinama vizuri. Karani Tindwa aliutegea ukuta sikio akatangaza kwamba haujaridhika, na wageni wakapiga makofi. Mke wa balozi mmoja alisema ni utamaduni wenye mguso.

Kisha Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Mafumbwe alivua viatu. Miguu yake ilikuwa laini, ya rangi ya mkate. Aliingia katika zege kwa madaha, akajisawazisha, akakohoa.

“Ndugu wananchi! Ninyi mnaona nimesimama kwenye zege. Mimi naona nimesimama kwenye historia! Taifa lisilo na taka ni taifa lisilo na kesho! Nani alijua kwamba kandambili yako, mama, ingelala kitanda kimoja na mswaki wa jirani yako, wakazaa hospitali?”

Vigelegele vikalipuka. Jua lilikuwa kali. Aliongea habari za babu yake, habari za nyota, habari za taka za mataifa mengine ambazo hazina uzalendo. Baadaye kidogo akainamisha kichwa kwa Katibu Mkuu.

“Sengondo, miguu inapata joto.”

“Ni joto la uzalendo, Mheshimiwa.”

“Inawasha.”

“Uzalendo huwasha, Mheshimiwa.”

Waziri akaanza kuukunja mkono wa shati atazame saa. Siwatu alikuwa anauchunga mkono huo kama paka. Kabla haujakunjwa akapiga hatua mbele, akatupa sauti juu, na wanawake wa karai wakaipokea:

*Simama baba simama, usiondoke mapema,*
*Maneno yako ni mema, yatuingia mtima,*
*Ukinyamaza tazama, nchi yetu itazama,*
*Ongeza baba ongeza, bado hujatueleza.*

Waziri alitabasamu. Hakuwahi kuombwa aendelee. Kwa kawaida watu waliomba maji ya kunywa. Akaushusha mkono, akaongeza. Kila alipoelekea kumaliza, “kwa hayo machache” ikiwa imeshamfika kwenye ulimi, wimbo ulimrudisha mwanzo. Aliongeza habari za utoto wake. Aliongeza ndoto aliyoiota akiwa na homa. Alasiri mabalozi walisinzia, bendi ikaweka tarumbeta chini, na Mheshimiwa akatangaza kwa sauti iliyokauka, ingawa jua lilikuwa halijazama, kwamba rekodi ya yule wa zamani imevunjwa.

“Kwa hayo machache,” alisema, “nashukuru.”

Akainua mguu.

Mguu haukuinuka.

Akainua wa pili. Tumbo lilikwenda mbele, mikono ikachapa hewa, lakini miguu ilibaki nyuma. Katibu Mkuu alikuwa ameshapiga magoti na chupa ya marashi. Aliligusa zege kwa kidole. Akaligonga kama anayegonga mlango. Likajibu kwa sauti ya jiwe.

“Mheshimiwa,” alinong'ona, “limekauka.”

“Zege halikauki, mjinga wewe!”

“Hata mimi ndivyo ninavyojua, Mheshimiwa.”

*

Kwanza walimvuta. Askari wanne wa bendi walimshika kwapani, wakavuta mpaka Mheshimiwa akapiga yowe ambalo wageni walidhani ni sehemu ya hotuba. Halafu mtu akaleta nyundo. Karani Tindwa akainuka mezani, akaweka mkono juu ya mpini.

“Samahani. Zege lililokanyagwa na kiongozi ni mwili wa taifa. Halivunjwi.”

“Tindwa!” Waziri alifoka. “Unanijua mimi ni nani?”

“Ndiwe uliyeitunga hiyo sheria, Mheshimiwa. Nzuri sana.” Karani hakuwa mtu wa kinyongo, alikuwa mtu wa kanuni tu. “Labda ulitangaze kuwa bovu. Hapo tutalivunja mara moja.”

Watu waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi. Wanawake waliopoteza mabinti katika kiwanja kile walisogea mpaka wakawa wanasikia pumzi ya Waziri. Ukutani jicho la kanga lilimtazama mwenye jicho.

Mheshimiwa aliangalia nyuso, akaangalia miguu yake. Maumivu yalimpanda.

“Haya! Zege hili ni bovu!” alisema. Halafu, kwa kuwa alizoea kurudia maneno yake, “Bovu! Bovu kabisa! Mazege yote ya Serikali ni mabovu! Vunjeni!”

Nyundo ikashuka. Ikaruka. Ikashuka tena, na mpini ukavunjika vipande viwili. Wakaleta nyundo ya pili, wakaleta mtalimbo. Zege halikutoa hata punje. Katibu Mkuu alijifuta jasho, na Bi Nunu akalazimika kukaa chini.

Karani aliinama, akalikagua zege, akainuka taratibu.

“Mheshimiwa, hili zege ni zima. Sijawahi kuona zege zima kama hili katika utumishi wangu. Kwa hiyo umelisingizia. Inabidi uliombe radhi.”

“Mimi?”

“Mpaka liridhike.”

Wakajaribu kumpigia simu Rais. Rais alikuwa anahutubia. Wakasubiri, akawa bado anahutubia. Mwishowe Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi, akiwa na midomo iliyopauka, alitazama chini akaliambia zege:

“Zege tukufu, nisamehe.”

Karani alitega sikio. Alikaa hivyo kwa muda, uso wake ukiwa na mashaka. Hakuwahi kulisikiliza zege lenye waziri ndani.

“Sina hakika,” alisema. “Pengine tumuulize mzoefu.”

Watu wakageuka. Katika nchi nzima mzoefu wa kuomba radhi zege alikuwa mmoja tu. Siwatu alipita katikati yao polepole, shingo imenyooka, kama aliyejitwisha karai. Akasimama mbele ya Waziri, akasogea karibu mpaka akanusa marashi ambayo hayakutumika.

“Haliridhiki kwa maneno ya jumla,” alisema. “Linataka lijue wenzake waliwalalia kina nani.”

“Mama, mimi nitakumbukaje majina? Lile lilikuwa jambo la tume, la kitaifa…”

“Nitakutajia. Wewe utafuatisha. Sema: Kibibi binti Shomari.”

Waziri alitazama kando. Hakuna aliyesogea kumsaidia. Katibu Mkuu alikuwa anapaka marashi viatu vyake mwenyewe.

“Kibibi binti Shomari,” alisema Waziri.

“Alikufa kwa zege langu.”

“Mama…”

“Sema!”

“Alikufa kwa zege langu.”

Kutoka nyuma mwanamke mmoja alipaza sauti: “Na Mwanashehe wangu!” Mwingine akaita jina lake, na mwingine, mpaka Mheshimiwa akawa anayafuatisha mfululizo bila kuvuta pumzi, na kila jina aliliongezea yale maneno manne, akilia sasa, machozi yakidondoka juu ya zege. Siwatu alimtazama bila kupepesa. Hakuhisi huruma, na hakujilazimisha kuihisi.

Majina yalipokwisha Waziri alinyoosha mikono.

“Nimesema yote. Mbele za watu. Sasa tafuteni wenye mashine, nivunjieni.”

“Kulivunja?” Siwatu alishangaa. “Zege changa hivi? Mheshimiwa, hili ni jengo la umma. Zege jipya linamwagiliwa maji asubuhi na jioni mpaka likomae, la sivyo linapata nyufa. Lile la Kibibi hakuna aliyelimwagilia. Hili hatutafanya kosa hilo.”

Alikwenda bombani. Watu wakampisha. Huko juu kilimani, katika bwawa jipya la kuogelea, lile zege la Umma lilikuwa limelala bichi kama uji, nalo siku ya arusi, mbele ya wageni wote, lingeketi bila kutoa taarifa. Hayo yalikuwa bado mbele. Siwatu alijaza ndoo, akarudi nayo kichwani bila kuishika, akaitua, akachota kwa kopo. Akamwagilia kuzunguka mguu wa kulia, akamwagilia kuzunguka wa kushoto, kwa uangalifu, kama anayemwagilia mche wa mnazi.

Kisha akavuta kiti cha karani, akakaa, akaegemea vizuri, na kulitegea zege sikio.

“Haliridhiki,” alisema. “Jina la kwanza halikusikika vizuri. Rudia.”